Alimaji mupya kwa pikipiki ya zamani: kwanza lampi, kisha barabara



Ukurasa huu umezoea kuwaambia juu ya kaske, botini, mavumbi na milipuko. Lakini hatari ya mufanyakazi haianzi pale anapopita mulango wa mugodi. Inaanza pale anapopiga kiki ya pikipiki katika parsele yake, mbele ya jua kutoka, watoto wakiwa bado wanalala. Leo tuzungumze juu ya kitu kidogo ndani ya pikipiki ile, kitu chenye kuwasha buji: alimaji.

Pikipiki mupya za siku hizi, Boxer, TVS na zile za China, zinatoka kiwandani na alimaji ya elektroniki. Wenye maulizo ni wale wenye pikipiki za zamani, za platini: Honda CG125 za miaka ya kwanza nyuma ya 1976, na nyingine ambazo baba alimuachia mutoto. Wanasikia kwamba kuna vifaa vya kununua, vya kutosha platini na kutia elektroniki pahali pake. Ni kweli, viko, na ni vizuri. Mwenye pikipiki yenye motere nzima, avifunge bila woga.

Kitu kimoja tu ninakataa. Ninakataa mutu afunge alimaji hiyo kwa macho na kwa masikio, asikie motere inaimba vizuri, kisha apande aende posti ya usiku. Pikipiki yenye alimaji mupya isitoke katika parsele mbele ya alama ya volanti kuonekana chini ya lampi ya stroboskopi, motere ikizunguka. Na kwa kuwa lampi hiyo si kitu cha kila nyumba, ninaomba kila kampi inunue moja ya watu wote.

Munielewe vizuri, tuanze na platini yenyewe. Ni vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana. Vikigusana, umeme wa batri unapita katika bobini. Vikiachana, umeme unakatika kwa ghafla, na bobini inazaa umeme mukali wa volti zaidi ya 10 000, unaoruka kwenye buji na kuwasha esansi. Ni akili ya zamani. Charles Kettering wa Marekani aliitia katika motokari mwanzo wa karne ya 20, na dunia ikaitumia zaidi ya miaka 60. Haikuwa akili mbaya. Fundi aliweza kuitengeneza kando ya barabara kwa kipande cha karatasi ya msasa na turnevisi.

Ubaya wake ni kwamba inajimaliza yenyewe. Kila mara platini zinapoachana, cheche ndogo inakula uso wao. Tena kile kisigino kidogo kinachosukumwa na kamu kinalika polepole, nafasi ya 0,35 au 0,40 mm inapungua, na platini zinaanza kuachana kwa kuchelewa. Cheche ya buji nayo inachelewa. Motere inapata moto, inakula esansi, inapoteza nguvu, na mwenyewe hajui, maana anaizoea kila siku kidogo. Muongeze mavumbi mekundu ya kiangazi, maji ya mvua ya Desemba, na baridi ya asubui ya Juni na Julai huku Katanga, pale kiki kumi hazitoshi. Ndiyo sababu watu wanataka elektroniki, na wako na haki.

Katika elektroniki hakuna kugusana. Sumaku inazunguka na kupita mbele ya kichwa kidogo, kichwa kinatuma habari kwa kisanduku, kisanduku kinakata umeme wa bobini au kinamwaga umeme uliokusanyika ndani yake. Hakuna kisigino cha kulika. Kitu hiki si kigeni tena: Kawasaki ilikitia katika pikipiki yake H1 ya 500 cc tangu 1969, na katika mwaka ule ule kiwanda cha Boyer Bransden cha Uingereza kilianza. Kiwanda hicho kinatengeneza alimaji za kufunga kwenye pikipiki za zamani za Kiingereza. Katika inchi ya Cheki, kiwanda cha VAPE kinafanya vile kwa Jawa na MZ.

Lakini alimaji mupya haiponyeshi motere mugonjwa. Kama karbiratere imeziba, itabaki imeziba. Kama kusineti ya shimo la manivela imelegea na volanti inatikisika, sumaku nayo itatikisika, na cheche itakuwa leo mapema, kesho nyuma. Kama batri imechoka, ni mbaya zaidi kuliko zamani: platini zinavumilia batri dhaifu, kisanduku cha elektroniki hakivumilii. Volti zikishuka, kinaanza kutoa cheche bila utaratibu, na kiki inaweza kurudi juu na kuvunja muguu wa mutu. Kwa hiyo fedha za kwanza ziende kwenye batri na kwenye waya za kuichaji. Fedha za pili ndizo za alimaji. Najua kwamba wengi wanapenda kufanya kinyume, kwa sababu kisanduku kipya kinaonekana kizuri na batri haionekani.

Sasa, mbele ya kufunga, musome karatasi iliyokuja na vifaa, hata kama iko katika luga ya wageni na munapashwa kumuomba mutoto anayesoma awasaidie. Kuna swali moja ambalo karatasi ile peke yake inaweza kujibu. Katika pikipiki nyingi za platini muko vipande viwili vya uzito vyenye risori ndogo; motere ikienda mbio, vinafunguka na kufanya cheche itangulie. Vifaa vingine vya elektroniki vinafanya kazi hiyo vyenyewe ndani ya kisanduku, na sherti uzito ule utoshwe. Vingine vinautegemea, na sherti ubaki, tena uwe safi na wenye mafuta kidogo. Mutu akiacha uzito pahali ambapo kisanduku kinafanya kazi hiyo, cheche inatangulia mara mbili. Kwa ralanti hataona kitu. Motere itawaka vizuri, itanguruma vizuri, na siku atakapopanda mulima akiwa amebeba muke na mufuko wa unga, pistoni itatoboka.

Hapo ndipo masikio yanadanganya. Hesabu ni nyepesi. Motere ikizunguka mara 4 000 kwa dakika, katika sehemu moja ya elfu ya segonda manivela inageuka digri 24. Hakuna sikio la kupima kitu kile. Tuchukue sasa sahani inayobeba kile kichwa kidogo: kama upana wake ni kama milimeta 50, kuisukuma chini ya nusu milimeta ni digri 1. Na kama sahani iko kwenye shimo la kamu, linalozunguka nusu ya manivela, digri 1 pale ni digri 2 kwenye pistoni. Mutu anakaza visi, sahani inateleza kama unene wa ukucha, naye anaosha mikono na kusema kazi imekwisha.

Mafundi wa zamani watanijibu: sisi tulirekebisha platini miaka makumi bila lampi yoyote. Ni kweli, na ninawapa heshima. Lakini mukumbuke namna walivyofanya. Walitia balbu ndogo kwenye waya wa platini, wakageuza volanti polepole kwa mukono, na pale balbu ilipobadilika ndipo platini ziliachana, wakaangalia alama. Wengine walitumia karatasi ya sigara katikati ya platini. Ilikuwa kipimo cha kweli, si kubahatisha. Na alimaji nyingi za elektroniki haziruhusu kipimo kile! Kichwa kile kinatoa habari tu pale sumaku inapopita kwa mwendo. Ukigeuza kwa mukono, kinanyamaza. Balbu haisemi kitu. Karatasi haina pa kuingia. Kwa hiyo fundi mwenye akili na alimaji mupya, bila lampi, ana uwezo mudogo kuliko babake mwenye platini na balbu ya franga chache. Vingine vina taa ndogo nyekundu kwenye sahani kwa kuanzia, na hilo ni jambo jema, lakini hata hivyo ni pa kuanzia tu.

Lampi ya stroboskopi inafungwa kwenye waya wa buji kwa koleo lake, nayo inapiga mwanga kila mara buji inapowaka. Mukielekeza mwanga huo kwenye volanti, volanti inaonekana imesimama, na alama inaonekana pale ilipo wakati wa cheche. Katika Honda nyingi, alama T ni pistoni juu kabisa, alama F ni pahali pa cheche kwa ralanti, na mistari miwili ya mbele ni pahali pa cheche motere ikienda mbio. Mutie rangi nyeupe kidogo kwenye alama mbele ya kuanza, mutashukuru. Kama pikipiki ni ya volti 6, lampi nyingi zinataka batri nyingine ya volti 12 kando. Kisha muongeze mbio mpaka kiasi karatasi inachosema, na hapo ndipo muangalie, si kwa ralanti peke yake: pistoni haitobokei kwa ralanti. Alama ikichelewa, mulegeze visi na musogeze sahani kinyume cha mwendo wa sumaku. Ikitangulia, muisogeze pamoja na mwendo. Kidogo sana. Mukaze, muangalie tena, maana kukaza kwenyewe kunasogeza.

Angalieni! Chini ya mwanga ule volanti inaonekana imesimama, lakini inazunguka mara elfu kwa dakika. Mutu anaweza kupeleka kidole kama anagusa chuma kilicholala. Mikono ya shati ifungwe, kamba ya shingo itoshwe, watoto wasisimame karibu wakishangaa mwanga. Na kazi hiyo ifanywe inje. Moshi wa motere una sumu isiyokuwa na harufu, inayoua mutu katika nyumba iliyofungwa akidhani ana usingizi tu. Tena si karibu na mbabula ya mama. Buji ikitoshwa, tundu la silinderi linatema mvuke wa esansi kila mara kiki inapopigwa. Cheche moja au kaa moja linatosha.

Juu ya umeme wenyewe niseme wazi, maana wengi walizoea kurushwa na platini na kucheka. Elektroniki ina nguvu zaidi. Yule mwenye kimashini cha moyo ndani ya kifua asikaribie kabisa motere ikiwaka. Kwa kuangalia cheche, mutie buji katika kofia yake na chuma chake kiguse kichwa cha silinderi, mbali na tundu. Musishike waya kwa vidole, tena musipige kiki kofia ikining'inia hewani bila buji: umeme unaokosa njia unatafuta njia ndani ya bobini au kisanduku, na hapo fedha zenu zimekufa. Mutumie kofia yenye rezistansi, ile antiparaziti, au buji yenye herufi R katika namba yake, kwa sababu kelele ya umeme inachanganya kisanduku. Batri ikifungwa kinyume, kisanduku kinaungua mara moja. Na kama musudeur anataka kuunganisha kitu kwenye shasi, mutoshe kwanza waya za kisanduku na za batri.

Kuna jambo moja zaidi ambalo karatasi nyingi zinalipita kwa mustari mumoja, nami ninaliona kubwa kama lile la lampi. Ni kuzima. Katika pikipiki ya batri na platini, funguo inazima motere kwa kukata umeme. Katika alimaji nyingine, zile zinazojitengenezea umeme kutoka volanti, motere inazimwa kwa njia nyingine: waya wa kisanduku unapelekwa kwenye masi. Mutu akifunga alimaji ya namna ya pili na kuacha funguo ya namna ya kwanza, anazungusha funguo, anaitosha, anaitia mufukoni, na motere inaendelea kuzunguka. Katika parsele ni kichekesho. Katika barabara ya Likasi na Kolwezi, kamba ya gazi ikiwa imekwama na kamyo ya asidi iko mbele yenu, si kichekesho tena. Na mutu akichanganya kwa upande mwingine, akapeleka umeme wa batri kwenye waya ule wa kuzimia, kisanduku kinaungua, hata waya zinaweza kushika moto chini ya tanki la esansi. Kwa hiyo mbele ya lampi, mbele ya kila kitu, mujaribu: muwashe, muzime kwa funguo, muwashe, muzime kwa kitufe cha mukono. Mara tatu. Isipozima, kazi haijakwisha.

Wenye pikipiki mpya wasifikiri kwamba haya hayawahusu. Kisanduku cha CDI kikikufa, wanakwenda sokoni kununua kingine kinachofanana kwa rangi na kwa vijino. Lakini kuna CDI inayokula umeme mukali wa bobini ya volanti, na kuna CDI inayokula volti 12 za batri. Kwa macho zinaweza kufanana kama ndugu. Kazi yao si moja, na kutia moja pahali pa nyingine ni kuitupa. Kuna tena zile zinazouzishwa kwa jina la mbio, zisizokuwa na mupaka wa mizunguko. Mufanyakazi anayekwenda posti na kurudi anatafuta mbio gani kwa motere ya 125? Mupaka ule fundi wa kiwanda aliutia ili valvu zisigongane na pistoni.

Dalili munaweza kuzijua hata bila lampi, lakini ni dalili za ugonjwa uliokwisha kuingia. Kiki inayorudisha muguu ni cheche inayotangulia. Mulio wa vijiwe katika mukebe, pikipiki ikipanda mulima na muzigo, ni vilevile, ingawa esansi mbaya ya chupa za kando ya barabara nayo inauleta. Bomba la moshi linalokuwa jekundu au linalopiga risasi, na nguvu zinazopotea, ni cheche inayochelewa. Mukisikia vijiwe, mupunguze gazi pale pale, mushuke, musukume. Kuchelewa kazini ni neno la kueleza kwa shefu. Motere ikikamata katika mwendo, gurudumu la nyuma linafunga, na makamyo ya nyuma hayana breki za kusimama kwa metre kumi.

Nirudi sasa kwenye ombi langu. Wengine watasema kila mutu ajinunulie lampi yake. Haitafanyika, tunajua. Lampi inatumika mara moja au mbili kwa mwaka kwa pikipiki moja. Hakuna baba atakayeitoa katika fedha za shule ya watoto. Lakini kampi yenye pikipiki 30 za zamani ikichanga kidogo kidogo, lampi inapatikana, na batri moja ya volti 12 ya kuiwasha. Ikae kwa mutu mumoja mwaminifu, si lazima fundi, anayeandika katika kaye jina la aliyeichukua na siku aliyoirudisha. Ninapendelea katika kaye hiyo hiyo kuandikwe pia namba ya pikipiki, digri zilizoonekana, na kwa mbio gani. Nyuma ya mwaka mumoja kaye ile itafundisha vijana zaidi kuliko ukurasa huu. Na wakubwa wa usalama wa kazi, ambao kila mwezi wanahesabu siku bila aksida ndani ya mugodi, wangeweza kusaidia nusu ya bei. Muguu uliovunjwa na kiki katika parsele haupimi chini ya muguu uliovunjwa chini ya ardi. Munganga anautia plata ile ile, na timu inakosa mutu yule yule.

Kisha kufunga na kupima, muende mwendo mufupi kwanza, karibu na nyumba, mchana, bila muzigo wala mutu nyuma. Murudi, muache motere ipoe, muangalie kama visi za sahani zimekazika na kama waya haigusi bomba la moshi. Mutoshe buji na kuisoma: rangi ya kahawa nyepesi ni nzuri, nyeupe kama chokaa ni moto mwingi.

Platini za zamani musizitupe. Muzipanguse, muzitie mafuta kidogo, muzifunge katika kikopo pamoja na kondansateri yake, sahani yake, ule uzito na risori zake, na kipande cha kupimia cha 0,35. Mukiweke chini ya kiti. Kisanduku kikikufa njiani, hakuna mutu wa kukifungua na kukitengeneza. Kwa vifaa vile, turnevisi na balbu, fundi wa karibu anaweza kuwarudisha nyumbani jioni ile ile.